Nyapara Hana Mrija

Babu yangu alikuwa nyapara, na kwetu Kamukuywa hilo si jambo la kutamba nalo. Nenda leo kwenye stendi ya bodaboda pale sokoni, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale. Mwenyekiti wa stendi akipaza sauti kupanga foleni, hutakawia kumsikia kijana mmoja akimjibu: "Wewe, usituletee unyapara hapa!" Kijana huyo hajawahi kuvaa kipande, kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni, shingoni, na hata baba yake hakukivaa. Lakini neno limemfikia likiwa bado na makali, na mwenyekiti akilisikia hushusha sauti. Anajua kwamba ni tusi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilizaliwa mwaka 1952, nikafundisha shule za msingi za upande huu wa Kimilili hadi nilipofika miaka 60, na kwa zaidi ya miaka 20 ya kazi hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Nimeketi katika semina nyingi za uongozi. Katika mojawapo, kijana mwenye shati jeupe alitueleza kwamba kiongozi bora kazini ni yule mwenye akili ya hisia: anayejua moyo wake mwenyewe, anayeweza kuuzuia usifoke, na anayesoma mioyo ya wale anaowaongoza. Alisema elimu hiyo ni mpya. Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliiandikia makala, na mwaka 1995 Daniel Goleman akaitungia kitabu kilichoitangaza dunia nzima. Nilikuwa nikiandika kila alichosema, lakini kichwani nilikuwa namwona babu, Kuka kama tunavyowaita babu zetu kwa Lubukusu, akiwa ameketi peke yake ukutani mwa nyumba ya watu huku wenzake wakinywa pombe. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuisimulia.

Nianze na neno lenyewe, kwa kuwa limetembea mbali kabla ya kufika kwetu. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikitoka Unyamwezi kwenda Bagamoyo, wapagazi walikuwa na wakubwa wao walioitwa wanyampara. Kwa Kinyamwezi mnyampara alikuwa mtu mzima wa kuheshimiwa, mzee wa kushauriana naye. Mbele ya msafara alitangulia mwongoza njia, kirangozi, na Kiswahili kina neno linalofanana nalo sana: kiongozi. Maneno hayo mawili, mnyampara na kiongozi, yalibeba mizigo njia moja. Kisha moja likapanda cheo hadi Ikulu, na lingine likateremka hadi shambani na gerezani.

Mnyampara wa safari alikuwa na sababu ya kuwa mpole. Mpagazi aliyechoshwa na matusi aliweza kuutua mzigo wake usiku na kutoroka, na wenzake kumi wakamfuata. Pembe zingebaki porini na tajiri angekuja kumuuliza mnyampara. Kwa hiyo alilazimika kujua nani anaumwa mguu, nani ameacha mke mjamzito nyumbani, nani ana hasira na nani juu ya mgao wa chakula. Elimu ya kusoma mioyo aliipata njiani, chini ya tishio la kuachwa.

Huku kwetu, karne hiyohiyo, Wabukusu waliishi ndani ya ngome. Kijiji kilizungushiwa ukuta na handaki, kikaitwa lukoba, na watu wa koo walikaa humo pamoja kwa kuhofia mashambulizi. Wabukusu hawakuwa na mfalme, tofauti na jirani zetu Wawanga waliokuwa na Nabongo. Aliyekuwepo ni omukasa. Mtafiti Mjerumani Günter Wagner, aliyeishi miongoni mwa Waluhya katika miaka ya 1930 na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1949, aliwauliza wazee omukasa alipatikanaje. Majibu aliyoyaandika yanawiana na yale niliyoyasikia mimi jikoni kwa bibi. Hakurithi kiti moja kwa moja kutoka kwa baba yake, wala hakutangazwa siku moja kwa ngoma. Ni mtu aliyeonekana polepole, tangu ujana wake, kuwa ana maneno ya taratibu na kwamba akisema watu hukusanyika badala ya kutawanyika. Ugomvi wa mpaka ukitokea, watu walijikuta wanaelekea kwake. Siku moja wazee wakatambua kwamba tayari ndiye.

Bibi yangu alikuwa na namna yake ya kulieleza hilo. "Omukasa," alisema, "ni mtu anayejua kungoja pombe ipoe." Kwetu busaa ilinywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja kilichowekwa katikati, na maji ya moto yaliongezwa humo mara kwa mara. Mwenye pupa aliunguza ulimi. Omukasa aliketi hapo na mrija wake, akasikiliza upande huu na upande ule, na hakutoa neno mpaka wenye hasira wameshapoa wenyewe.

Lakini tusimgeuze malaika. Omukasa alisikiliza kwa kuwa hakuwa na askari wala jela. Akiwa mkali au mlafi, ukoo mmoja uliweza kufungasha, ukatoka langoni na kwenda kujenga lukoba yake ng'ambo ya mto. Ukuta ule ulizuia adui wa nje tu. Waliokuwa ndani walikuwa huru kuondoka, na omukasa alilala akijua hivyo.

Hayo yalivunjika kwa bunduki. Mwaka 1895 jeshi la Waingereza, pamoja na askari wa Kisudani na wasaidizi kutoka kwa Wawanga na wengineo, lilizipiga ngome za Lumboka na Chetambe. Chetambe ni kile kilima kinachoonekana ukiwa Webuye. Baada ya hapo serikali ilitaka mtu mmoja wa kumwamrisha katika kila eneo, na kwa kuwa haikumwona mtu wa namna hiyo kwetu, ilituletea. Kimilili ilipewa Murunga, ndugu yake Nabongo Mumia, akatutawala miaka mingi. Wazee waliokuwa watoto wakati huo hawakumlaumu sana kwa ukali wake. Walichokikumbuka ni kwamba hata ukimchukia, huna pa kwenda. Popote ulipokimbilia, kulikuwa na mwingine kama yeye mwenye daftari la kodi.

Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Mwajiri alipokuachilia alitia saini. Bila saini hiyo wewe ni mtoro, na kutoroka kazini lilikuwa kosa la kukupeleka mahakamani. Wakati huohuo ardhi ya Trans Nzoia, ng'ambo tu ya mipaka yetu, iligawiwa walowezi, wengi wao askari waliotoka vitani. Mwaka 1926 reli ilifika Kitale, na mahindi ya mashamba yale yakapata njia ya kwenda baharini. Palihitajika mikono, na mikono mingi ilitoka kwetu.

Hapo ndipo neno la Wanyamwezi lilipotukuta. Mlowezi alimteua mtu mmoja kati ya vibarua, akamwongezea shilingi chache na posho, akampa filimbi na kumwita nyapara. Wazee wa vibarua hawakuulizwa. Aliyefaa alikuwa yule anayejua Kiswahili kidogo, mwenye sauti kubwa na asiyemwonea haya jirani yake. Tikiti ya kazi ilikuwa ya siku 30, na nyapara ndiye aliyesema nani amemaliza sehemu yake leo na nani hakumaliza. Asiyemaliza hakuandikiwa siku. Mtu aliweza kufanya kazi wiki sita akaandikiwa mwezi mmoja.

Na nyuma ya nyapara kulikuwa na kiboko. Mwaka 1923, huko Molo, mlowezi aitwaye Jasper Abraham alimchapa kibarua wake hadi akafa, kwa kosa la kumpanda farasi aliyeambiwa amwongoze kwa miguu. Baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, halikuona kuwa ni mauaji. Likasema amemjeruhi vibaya, akafungwa miaka miwili. Karen Blixen aliieleza kesi hiyo katika kitabu chake cha maisha ya Kenya. Jina la aliyekufa liliandikwa Kitosch. Kitosh ndilo jina ambalo serikali ilituitia sisi Wabukusu siku hizo, na Kuka alipolitaja jina la marehemu yule alilitaja kama la mtu wa nyumbani.

Kuka alikuwa wa rika la Kananachi. Aliajiriwa katika shamba moja karibu na Kitale katikati ya miaka ya 1930, akapewa filimbi baada ya miaka miwili. Asubuhi kabla ya jua alipiga kipande cha reli kilichofungwa mtini, watu wakajipanga, akawahesabu. Alijivunia kwamba hakuwahi kumchapa mtu kwa mkono wake. Alichofanya ni kusema. Alimwambia bwana nani amechelewa, nani amelala chini ya mti, nani ameficha mahindi kwenye shati.

Mmoja wa aliowataja alikuwa bakoki wake, mtu waliyetahiriwa pamoja msimu mmoja. Kwetu hakuna ndugu anayezidi huyo. Mmemwaga damu asubuhi moja, na huwezi kumnyima kitu wala kumwaibisha mbele ya watu. Bakoki huyo alichelewa siku tatu mfululizo. Kuka alimwandika siku ya kwanza, siku ya pili na siku ya tatu. Hakwenda kibandani kwake kuuliza. Siku ya nne bwana alimchapa viboko mbele ya mstari mzima. Jioni ndipo habari zilipoenea kwamba mtoto wake alikuwa na homa na alikuwa akimbeba mgongoni usiku kumpeleka kwa mganga, kwa mwendo mrefu, na kurudi.

Mtoto alipona. Lakini msimu wa mavuno ulipokwisha, Kuka aliporudi Kamukuywa na kwenda kwenye pombe kwa jirani, alikuta chungu katikati, watu wamezunguka, na mirija imeisha. Mwenye nyumba alisema kwa upole kwamba hakutegemea mgeni. Jumamosi iliyofuata, nyumba nyingine, ikawa hivyohivyo. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia "mulembe" kama kawaida, wakamuuliza habari za watoto. Mrija tu ndio uliokosekana. Bibi alisema hali hiyo iliendelea mwaka mzima na zaidi, na kwamba Kuka alikuwa akienda hivyohivyo, akiketi ukutani, kisha akirudi nyumbani mapema na kusema hana kiu.

Kilichomgeuza ni msiba. Mzee mmoja mkubwa wa upande wa Maeni alifariki, na siku ya tatu baada ya mazishi akaletwa omuswala kumuse. Khuswala kumuse ni hotuba ya kuwafariji waliobaki, na hafanyiwi kila mtu: anafanyiwa mzee mwenye heshima, wajukuu na jina lisilo na doa kubwa. Msemaji naye hajichagui. Ni kipaji cha ukoo na cha mizimu, na kinamfunga kwa miiko maisha yake yote. Katika siku zetu jina la Manguliechi lilijulikana Bungoma nzima kwa kazi hiyo.

Nimehudhuria kumuse mara nne. Watu huketi chini wakiacha njia ndefu katikati. Msemaji huja na joho la ngozi ya mbega na bakora mkononi, huanza kutembea kwenda na kurudi katika njia ile, na kutoka hapo hakuna anayesimama, anayekatiza mbele yake wala anayenong'ona. Anaanza mbali, Misri ambako wazee wanasema tulitoka, anapita vita na njaa na majina ya marika, kisha polepole anafika kwenye uwanja uleule mlioketi. Mdai na mdaiwa wako hapo, na warithi waliokwisha kununiana juu ya ng'ombe wako hapo. Hamtaji mtu. Anasema "yupo mtu", na bakora inapita. Moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, lakini yule mzee hutembea humo kama mtu aliyezaliwa ndani yake, na kila aliyeketi huhisi tawi likimgusa.

Siku ile ya Maeni, msemaji alifika mahali fulani akasema kwamba yupo mtu anayewahesabia wenzake siku, na siku zake mwenyewe ziko kwa nani? Akapita. Kuka hakuweza kuinuka, kwa kuwa mwiko haukuruhusu. Alikaa hapo hadi mwisho.

Nimelifikiria sana jambo hili. Nimesema omukasa alisikiliza watu kwa kuwa waliweza kumwacha, na nyapara hakusikiliza kwa kuwa kipande kiliwafunga. Basi omuswala kumuse ni yupi? Watu wake pia hawawezi kuondoka. Lakini tofauti iko kwake mwenyewe. Sisi tumefungwa saa chache, naye amefungwa siku zote. Hawezi kuegemea upande wa tajiri wala kulipiza kisasi chake katika hotuba, na akikiuka miiko hiyo, inaaminika, atakayeumia ni yeye. Mamlaka yake juu yetu yamelipiwa kwa vitu alivyonyimwa. Nyapara alipewa mamlaka bure.

Kuka alirudi Kitale akaendelea na kazi. Watoto walitaka chakula na kodi ilitakiwa. Ila bibi alisema kuna mambo mawili aliyabadilisha. Kwanza, asiyefika asubuhi hakumwandika mpaka jioni, na kabla ya jioni alikwenda mwenyewe kibandani kwake. Pili, kila Jumamosi baada ya posho alinunua busaa kwa fedha yake, akaketi na vibarua, na mtu aliruhusiwa kumwambia lolote akiwa ameshika mrija. Baadhi walimwambia mambo mazito. Bwana alishangaa kuona watu wanamaliza tikiti na kuomba nyingine, akadhani ni kwa sababu ya posho.

Sisemi kwamba upole wa nyapara mmoja uliondoa dhuluma. Katika miaka hiyohiyo, jirani yetu wa Maeni, Elijah Masinde, mchezaji mashuhuri wa mpira, alianza kuwaambia watu wakatae amri za machifu na kazi za kulazimishwa, na Dini ya Msambwa ikazaliwa. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi, na mwaka huohuo dini ikapigwa marufuku. Masinde naye aliisoma mioyo, na alichokisoma humo ni hasira. Kuka alimwogopa, na pia alimwelewa. Busaa ya Jumamosi haikuwa jibu la kipande. Kipande kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu watu walikataa, hakikuondolewa na manyapara waliojifunza kusikiliza.

Baada ya uhuru mashamba yalinunuliwa, mengine na vyama vya watu wetu. Kiwanda cha karatasi kikajengwa Webuye, na mwaka 1978 kile cha sukari cha Nzoia kikaanza kusaga miwa. Vijana wa Kamukuywa walipata mishahara mahali pengi, na nyapara akapata majina mapya: supavaiza, meneja, mwalimu mkuu.

Ndiyo, mwalimu mkuu. Nilipopewa shule yangu ya kwanza mwaka 1988, nilinunua kalamu nyekundu. Kila asubuhi, saa moja na nusu kamili, nilichora mstari katika daftari la mahudhurio, na mwalimu aliyetia saini chini yake alinikuta ofisini. Mmoja alikuwa chini ya mstari wiki nzima. Nikamwandikia barua ya onyo. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mwalimu," akaenda darasani. Ni mpishi wa shule aliyeniambia kwamba mke wake alikuwa amelazwa na kwamba alikuwa akiwapikia watoto wanne kabla ya kuja. Hakuwa ameniambia. Kwa nini aniambie? Uhamisho wake ulikuwa mikononi mwangu na hakuwa na pa kwenda.

Jioni ile nilimkumbuka Kuka na kikopo cha bati. Nilikuwa na shahada ya kufundisha na sauti ya upole, na bado nilikuwa nimeshika filimbi. Niliibatilisha barua, nikaomba radhi mbele ya walimu wote, maana onyo lilijulikana kwa wote. Kuanzia muhula uliofuata, walimu walichagua wenzao watatu wa kukagua daftari lile, pamoja na saa zangu mimi za kufika. Mara mbili niliandikwa chini ya mstari. Kwa njia hiyo nilijifunza kuhusu akili ya hisia zaidi ya semina zote zilizofuata.

Kwa hiyo yule kijana mwenye shati jeupe alikuwa sahihi, ila aliishia mlangoni. Alitufundisha kusoma nyuso, kupumua kabla ya kujibu, kuuliza habari za nyumbani. Hata nyapara aweza kukariri hayo. Hakutuuliza wale walio chini yetu wana uwezo gani wa kutuambia hapana, na sisi tukikosea tunapoteza nini.

Kuka alifariki mwaka 1979. Wazee walikaa kujadili kama anastahili kumuse. Wakaona hapana: alikuwa mtu wa kawaida, na tena alikuwa nyapara. Lakini desturi ya siku ya tatu ilibaki, ile ya watu kukusanyika na kutaja madeni, nani anamdai marehemu na nani alidaiwa naye. Mmoja alitaja debe la mahindi, mwingine mbuzi. Kisha bakoki wake akasimama, mzee wa kutembea kwa fimbo, ambaye tangu mavuno yale ya Kitale hakuwahi kukanyaga uwanja wetu. Uwanja mzima ukanyamaza. Alitazama kaburi jipya kwa muda mrefu.

"Simdai," akasema, akaketi.